Nyanya Aliyezaliwa Shambani: Jinsi ya Kufuata Nyayo Zake Kati ya Kitale na Bungoma

Somo kwa wakazi wanaotafuta historia ya familia, barua ya chifu au haki ya mirathi

Mkazi anafika katika ofisi ya naibu wa chifu kuomba barua ya utambulisho. Baba yake amefariki, shamba bado lina jina la babu, na familia inataka kufungua kesi ya mirathi. Maswali kuhusu babu anayajibu vizuri: jina, ukoo, kijiji, hata mwaka aliopewa shamba. Kisha anaulizwa, "Na nyanya yako alikuwa nani? Alizaliwa wapi? Alikuwa na watoto wangapi?" Hapo anainamisha kichwa. Anajua jina moja tu, na kwamba nyanya "alizaliwa huko mashambani kwa Mzungu."

Jambo hili ni la kawaida katika kaunti zetu. Familia nyingi za Trans Nzoia zina asili Bungoma, na nyingi za Bungoma zina nyanya waliozaliwa katika mashamba ya walowezi kandokando ya Kitale, Endebess, Kiminini, Saboti na Cherangany. Somo hili linaonyesha kwa nini nyanya hao hawaonekani kwa urahisi katika karatasi za serikali, na hatua unazoweza kufuata kuwapata.

Ili somo lieleweke, tutatumia mfano wa nyanya tutakayemwita Kukhu Nekesa. Si mtu fulani. Ni mfano uliotungwa kutokana na mambo yanayojirudia katika familia nyingi za Wabukusu.

KWA NINI JINA LAKE HALIPO

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawia wanajeshi wa Kizungu mashamba makubwa Trans Nzoia na kwingineko, katika mpango wa mwaka 1919. Mashamba hayo yalihitaji watu wa kulima mahindi na kahawa. Wanaume kutoka nchi ya Wabukusu, iliyokuwa chini ya wilaya ya North Kavirondo, walivuka kwenda kufanya kazi pamoja na wake zao na mifugo yao. Hawa ndio walioitwa maskwota.

Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi ya siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima kipande chake na kulisha ng'ombe. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo. Mkataba uliandikwa kwa jina la mwanamume. Mke na watoto walifanya kazi pia, hasa wakati wa mavuno, lakini mara nyingi walihesabiwa tu kama watu wa nyumba yake.

Kipande, kile cheti ambacho wazee walikivaa shingoni ndani ya kikebe, kilikuwa cha wanaume pekee. Hata baada ya uhuru, usajili wa vitambulisho uliendelea kuwa wa wanaume hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978 na kuwajumuisha wanawake. Uandikishaji wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru ulisambazwa wilaya kwa wilaya, ukaenea nchi nzima mwaka 1971.

Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa shambani miaka ya 1920 angeweza kuishi miaka hamsini bila karatasi hata moja ya serikali yenye jina lake. Usipoona jina lake katika faili usidhani ulichoambiwa ni uongo. Ina maana tu kwamba lazima umtafute kwa kupitia watu waliomzunguka: baba, kaka, mume, watoto na kanisa.

HATUA YA KWANZA: ANZIA NYUMBANI

Kabla hujasafiri kwenda ofisi yoyote, chukua daftari. Andika unachojua, na kando ya kila jambo uandike aliyekuambia na tarehe aliyokuambia. Kisha kusanya karatasi zilizomo nyumbani: kitambulisho cha zamani cha nyanya, kadi ya kliniki, kadi ya kanisa, picha zenye maandishi nyuma, risiti za ada, barua ya kugawiwa shamba, na ratiba ya mazishi. Wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini ni hazina kubwa. Mara nyingi hutaja wazazi, ndugu wote kwa mfuatano, kanisa la ubatizo na mwaka wa ndoa. Ukosefu wake ni kwamba huandikwa kwa haraka na watu wenye majonzi, hivyo tarehe zake zihakikishwe.

Baada ya hapo nenda kwa wazee, na usiende kwa upande wa babu pekee. Wanaomjua nyanya kama msichana ni watu wa kwao. Tafuta khocha, yaani mjomba wa upande wa mama, au watoto wake. Mwanamke wa Kibukusu akiolewa haachi ukoo wa baba yake. Ataendelea kujulikana kuwa ni wa Babuya, wa Batukwika au wa ukoo mwingine aliozaliwa nao, na watoto wake hawaruhusiwi kuoa katika ukoo huo. Ndiyo maana hata familia iliyosahau kijiji cha nyanya huwa bado inakumbuka ukoo wake, kwa sababu ulitajwa kila mara kijana alipoleta mchumba.

Maswali ya kuuliza:

1. Ukoo wa baba yake ni upi, na wa mama yake ni upi?
2. Ndugu zake waliozaliwa kabla na baada yake ni nani?
3. Kaka zake walitahiriwa lini, na ni wa rika gani?
4. Mzungu wa shamba aliitwa nani? Wafanyakazi walimpa jina gani la utani?
5. Shamba lilikuwa karibu na mto gani, stesheni gani au soko gani?
6. Mahari yalilipwa ng'ombe wangapi, na nani walishuhudia?
7. Alisali wapi? Alibatizwa kwa jina gani?

Mpe mzee nafasi azungumze. Akisema, "sikumbuki mwaka," usimlazimishe. Muulize badala yake, "Wakati huo kulikuwa na nini?"

HATUA YA PILI: GEUZA KUMBUKUMBU KUWA MIAKA

Wazee wetu walihesabu wakati kwa matukio. Haya yafuatayo yana miaka inayojulikana:

- Homa kubwa iliyoua watu wengi baada ya vita vya kwanza: 1918 hadi 1919.
- Reli kufika Kitale: 1926.
- Nzige walioharibu mimea: kati ya 1928 na 1931.
- Dhahabu kugunduliwa Kakamega na watu kukimbilia huko: kuanzia 1931.
- Kwisha kwa vita vya pili: 1945.
- Polisi kuwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi: Februari 1948.
- Uhuru: Desemba 1963.

Majina nayo husaidia. Kwa Wabukusu, Nekesa na Wekesa ni watoto wa mavuno, Nafula na Wafula wa mvua, Nasimiyu na Simiyu wa kiangazi, Nanjala na Wanjala wa njaa, Wasike wa nzige. Lakini kuna tahadhari mbili. Kwanza, mtoto anaweza kuwa amerithi jina la jamaa aliyefariki, hivyo jina peke yake si ushahidi. Pili, mavuno hayaji mwezi mmoja kila mahali. Mahindi ya Trans Nzoia huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, ilhali wimbi wa Bungoma ulivunwa mapema zaidi. Nekesa wa shambani na Nekesa wa kijijini huenda hawakuzaliwa mwezi mmoja.

Sasa tuchukue mfano wetu. Kitambulisho cha Kukhu Nekesa, kilichotolewa baada ya 1978, kinasema alizaliwa 1930. Familia inakumbuka mambo manne. Baba yake alifika shambani reli ikiwa imeshafika Kitale, na yeye akazaliwa huko. Mdogo wake anaitwa Wasike, na mama yao alisema alimzaa wakati wa nzige. Wasike huyo alitahiriwa Agosti ya kwanza baada ya vita vya pili kwisha. Na wakati wa Malakisi, Nekesa alikuwa tayari ameolewa na ana mtoto mgongoni.

Tutafute mwaka. Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Vita viliisha 1945, hivyo tohara iliyofuata ni ya Agosti 1946. Wavulana wengi walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18, kwa hiyo Wasike alizaliwa kati ya 1928 na 1934. Nzige wanapunguza pengo hilo: kati ya 1928 na 1931. Ikiwa Nekesa alimtangulia kwa miaka miwili au mitatu, alizaliwa kati ya 1925 na 1929. Reli inaondoa 1925, kwa kuwa ilifika Kitale 1926. Tumebaki na 1926 hadi 1929. Mwaka 1948 angekuwa na umri wa miaka 18 hadi 22, umri unaokubaliana na mtoto mgongoni.

Basi 1930 ya kitambulisho si uongo, ila ni makadirio. Karani alimtazama mama mtu mzima asiye na cheti, akaandika mwaka uliokaribia. Katika daftari lako andika hivi: "Alizaliwa kati ya 1926 na 1929, kitambulisho kinasema 1930." Usifute kimoja ili kingine kipendeze.

HATUA YA TATU: KANISA

Kwa wanawake wengi wa kizazi hicho, rejista ya kanisa ndiyo karatasi ya kwanza kubeba jina lao. Ila lazima ujue kanisa gani, kwa sababu makanisa hayatunzi kumbukumbu za aina moja.

Kanisa Katoliki huandika ubatizo katika rejista ya parokia, pamoja na majina ya wazazi na msimamizi. Baadaye, mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa hata katika parokia nyingine, taarifa hurudishwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake katika rejista ile ya kwanza. Kwa hiyo mstari mmoja wa ubatizo unaweza kukueleza alikoolewa. Familia za eneo la Bungoma zianze kuuliza parokia kongwe kama Kibabii.

Marafiki, yaani Quakers, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Lugulu na Kimilili, hawabatizi kwa maji. Ukienda kuomba rejista ya ubatizo wa nyanya aliyekuwa Mkweka, utapoteza nauli. Omba badala yake orodha za washiriki, kumbukumbu za mikutano, rejista za ndoa na za shule.

Ukifika ofisi ya kanisa, andaa jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria. Trufosa anaweza kuandikwa Truphosa au Trifosa. Nasimiyu anaweza kuwa Nasimiu. Mmishonari aliandika alivyosikia, na kila mmoja alisikia kivyake.

Kama ndoa ilifungwa kanisani chini ya sheria ya ndoa za Waafrika Wakristo ya mwaka 1931, ilitakiwa kuandikishwa, na cheti chake kinaweza kuwa na jina la baba wa bibi harusi. Ndoa ya kimila haikuwa na cheti. Ushahidi wake ni mahari na mashahidi waliokuwepo, na ndiyo sababu swali la sita hapo juu lina uzito.

HATUA YA NNE: SHAMBA LENYEWE

Ili kupata faili za shamba unahitaji jina la mlowezi. Jina la utani pekee halitoshi, lakini likiambatana na mto, barabara au stesheni, wazee wa eneo hilo wanaweza kukupa jina halisi. Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899, lilibeba matangazo mengi kuhusu walowezi, yakiwemo ya ardhi na ya mirathi yao walipofariki. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka kwenye intaneti bila malipo. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi Kanali Stoneham, nayo ni mahali pazuri pa kuelewa maisha ya wakati huo.

Kumbuka kwamba majina ya mahali yamebadilika. Webuye iliitwa Broderick Falls. Moi's Bridge iliitwa Hoey's Bridge. Eneo la Bungoma lilikuwa ndani ya North Kavirondo, iliyobadilishwa jina kuwa North Nyanza mwaka 1948. Katika miaka ya 1950 likawa sehemu ya Elgon Nyanza, kisha wilaya ya Bungoma. Faili ya mwaka 1935 haitakuwa chini ya neno "Bungoma" hata kidogo.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, barabara ya Moi, na ina kituo Kakamega kinachohudumia eneo la magharibi. Kwa kawaida, nyaraka za serikali zilizopita miaka 30 huruhusiwa kusomwa na umma. Faili za Trans Nzoia huanza na herufi DC/TN, na za North Nyanza DC/NN. Nenda na kitambulisho, uliza ada ya msomaji, na mweleze mhudumu unatafuta nini: ripoti za mwaka za wilaya, faili za kazi na za maskwota. Usitarajie kumkuta nyanya kwa jina. Utakayemkuta labda ni baba yake, au habari za shamba walilokuwa: siku za kazi, amri za kupunguza ng'ombe, kufukuzwa kwa familia. Mambo hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini Kukhu alirudishwa Bungoma akiwa msichana, au kwa nini aliolewa mwaka ambao mifugo ya baba yake iliuzwa.

HATUA YA TANO: ARDHI NA MAHAKAMA

Kuanzia 1962, serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa wananchi katika mpango wa ekari milioni moja. Wengine walinunua kwa pamoja kupitia vyama vya ushirika na kampuni za ardhi. Barua za kugawiwa, risiti za mkopo na orodha za wanachama ni kumbukumbu muhimu. Zitazame kwa makini, kwa sababu mjane aliweza kuchukua hisa za mumewe, na hapo jina lake likaandikwa kwa mara ya kwanza. Katika ofisi ya ardhi omba upekuzi rasmi kwa kutumia nambari ya shamba, ili ujue limesajiliwa kwa jina la nani.

Faili za mirathi katika mahakama za Kitale na Bungoma zina orodha za warithi, na humo hutajwa wajane na mabinti. Kama ndugu yeyote wa nyanya aliwahi kufunguliwa kesi ya mirathi, faili hiyo inaweza kukupa majina ya familia nzima.

Hapa ndipo kazi yote hii inapokuwa na uzito. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, haimtengi mtoto wa kike. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe ardhi kidogo kwa sababu wanaweza kuolewa. Katiba ya 2010 nayo inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mambo ya ardhi. Lakini mahakama hufanya kazi na ushahidi. Nyumba ya mke wa pili, binti aliyeolewa mbali, mtoto aliyezaliwa shambani kabla ya familia kuhama, wote huachwa nje pale ambapo hakuna anayeweza kueleza walikotoka.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kujua kwamba nyanya alizaliwa katika shamba fulani si hati ya kumiliki shamba hilo. Historia ya familia huonyesha nani ni mtoto wa nani. Umiliki wa ardhi una sheria zake, na kwa hilo tafuta ushauri wa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria.

MAKOSA YA KUEPUKA

Usimpe mtu yeyote karatasi halisi, hata akijiita wakala. Toa nakala. Malipo ya serikali yalipiwe kwa njia rasmi, nawe udai risiti.

Usibadilishe jina au mwaka ili karatasi zifanane. Ikiwa kitambulisho na rejista ya kanisa vinatofautiana, hifadhi vyote viwili na ueleze tofauti hiyo kwa hati ya kiapo.

Usiweke habari za watu walio hai kwenye mitandao bila idhini yao. Historia ya nyanya inaweza kugusa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au ndoa iliyovunjika. Ukisikia la namna hiyo, lihifadhi kwa heshima.

Na usisubiri. Rejista ya kanisa na faili ya Nairobi zitakuwepo mwaka ujao. Mzee wa miaka 90 aliyecheza na Kukhu Nekesa kambini huenda asiwepo.

ZOEZI LA WIKI HII

Chukua karatasi moja. Andika jina la mama ya mama yako, na chini yake jina la mama ya baba yako. Kwa kila mmoja jaza: ukoo wa baba yake, mahali alipozaliwa, ndugu mmoja unayemjua, kanisa, na mwaka wa kitambulisho chake cha kwanza. Pale usipoweza kujaza, andika jina la mtu anayeweza kujua, kisha mpigie simu au mtembelee kabla ya Jumapili.

Ukimaliza, wape watoto nakala. Siku mmoja wao atakaposimama mbele ya naibu wa chifu na kuulizwa, "Na nyanya yako alikuwa nani?" atafungua karatasi hiyo na kusoma.